Kufunga Upya Kamba za Kupunguzia Tanga Kuu kwenye Yoti ya Safari

Yoti nyingi za safari zina mfumo wa kamba moja wa kupunguzia tanga kuu upepo ukizidi: kamba hiyo hiyo huteremsha pembe ya mbele na pembe ya nyuma kwa pamoja, ikipita kwenye kapi kadhaa ndani ya bumu, yaani mti wa chini unaolishika tanga. Maji yakiwa shwari mfumo huo hupendeza. Lakini ukishatoka nje ya hori la Kilifi mwezi wa Julai, kusi ikivuma kwa kasi ya noti (maili za baharini kwa saa) 20 na zaidi, msuguano humaliza nguvu za mvutaji, na pembe ya mbele hushuka huku ya nyuma imekwama njiani. Majahazi yetu hayana shida hii, kwa sababu desturi yake ni kushusha tanga kubwa na kupandisha dogo. Mwenye yoti hana nafasi ya anasa hiyo.

Maelezo yafuatayo yanatokana na kazi niliyomsaidia mwenye yoti moja ya futi 33, tuliyemwondolea kamba ile moja na kumwekea kamba mbili zinazojitegemea: moja ya kunjo la kwanza, yaani kiwango cha kwanza cha kupunguza tanga, na nyingine ya kunjo la pili. Pembe ya mbele tuliiachia ndoano ya chuma cha pua iliyoko penye kiungo cha bumu na mlingoti, nayo huvishwa kwa mkono. Mwenye kutaka kufanya kila kitu bila kuondoka kwenye usukani hatapenda njia hii. Mimi naona ni afadhali mtu atembee hatua nne hadi mlingotini kuliko kupigana na kamba iliyokwama gizani.

Hatua ya kwanza: vua kamba ya zamani, na uache uzi mwembamba ndani ya bumu pale ilipokuwa ikipita. Huenda ukauhitaji siku moja.

Hatua ya pili: chagua kamba. Poliesta iliyosukwa ya milimita 10 inatosha kwa chombo cha ukubwa huu. Dyneema, aina ya kamba ya nyuzi za plastiki, ni imara zaidi kwa unene uleule, lakini huteleza kwenye fundo, na kwa kazi hii sioni sababu ya kuigharimia. Kwa urefu, zidisha mara mbili kimo cha tundu la kunjo (lile la ukingo wa nyuma wa tanga) juu ya bumu tanga likiwa limepandishwa lote, ongeza umbali wa kutoka kwenye kapi hadi kwenye kifungio karibu na mlingoti, kisha ongeza mita moja na nusu ya kushikia. Tundu likiwa mita 3 juu ya bumu na kapi ikiwa mita 2.5 kutoka kwenye kifungio, unahitaji mita 10. Kamba ziwe za rangi mbili tofauti.

Hatua ya tatu: tafuta mahali pa kapi kwenye bumu. Hapa ndipo kazi yote ilipo, na hapa ndipo fundi aliyetutangulia alipopoteza siku nzima na kuacha matundu ya bure kwenye alumini. Kapi ikikaa mbele mno, kamba huvuta pembe ya nyuma kwenda chini tu. Sehemu ya chini ya tanga hubaki na tumbo, na chombo hulala upande wakati ule ule unapotaka kisimame. Ikikaa nyuma mno, kamba huvuta kwenda nyuma tu. Tanga hunyooka kweli, lakini pembe huelea juu ya bumu na ukingo wa nyuma hupigapiga mpaka nyuzi za mshono zinaachia. Unachotafuta ni mvuto wa nyuma na wa chini kwa pamoja.

Usipime tanga likiwa limetandazwa nchi kavu, na usipime likiwa limelegea. Subiri asubuhi isiyo na upepo mwingi, uelekeze omo, yaani mbele ya chombo, kwenye upepo mdogo uliopo, kisha fuata mpangilio huu bila kuruka kitu: inua bumu kwa kamba yake ya kuning'inizia, legeza demani (kamba ya kuongozea tanga), legeza kamba inayovuta bumu chini, shusha henza (kamba ya kupandishia tanga), visha pembe ya mbele kwenye ndoano, halafu ukaze henza kwa winchi kama vile unavyokwenda safari. Watu wengi huacha jambo hilo la mwisho. Henza ikiwa imelegea, ukingo wa mbele hufupika, na tundu la nyuma huonekana mahali ambapo halitakuwa siku ya upepo.

Sasa funga tundu la nyuma kwenye bumu kwa kipande cha kamba, na kipande kingine kilivute kwenda nyuma hadi mikunjo ya chini iishe. Weka alama kwenye bumu chini ya tundu kabisa: hapo ndipo ncha ya kamba itakapofungwa. Kapi inakaa upande wa pili wa bumu, nyuma ya alama hiyo. Kabla ya kutoboa, ifunge kwa kamba tu na ujaribu kuisogeza mbele na nyuma kwa upana wa vidole viwili vitatu, huku mwenzako akisimama tezi, yaani nyuma ya chombo, na kukuambia tanga linavyokaa. Rudia yote kwa kunjo la pili. Usikadirie kwa kuhesabu umbali wa la kwanza, maana ukingo wa nyuma hauendi wima.

Hatua ya nne: toboa na ufunge. Kwa skrubu za M6, tundu ni la milimita 5 kabla ya kukata hesi (mifereji ya skrubu). Paka dawa ya kuzuia kutu, kama Duralac au Tef-Gel, kwenye kila skrubu na chini ya kila kapi, kwa sababu chuma cha pua kikigusana na alumini kwenye maji ya chumvi, alumini huliwa.

Hatua ya tano: pitisha kamba. Ncha hufungwa kuzunguka bumu kwa fundo la kitanzi kisichokaza, hupanda, hupita tunduni, hushuka upande wa pili hadi kwenye kapi, kisha huenda mbele hadi kwenye kifungio. Tanga lako likiwa limeshikana na bumu kwa urefu wote wa chini, mpe mshona matanga atie tundu dogo ili kitanzi kipite.

Vile vikamba vya katikati ya tanga ni vya kukusanyia kitambaa kilicholegea, havibebi mzigo. Vifunge kwa kulegeza, na ukitaka kulirudisha tanga lote juu, vifungue hivyo kwanza, ndipo uachie pembe ya nyuma, na ya mbele iwe ya mwisho. Mwishoni, tanga likiwa kwenye kila kunjo, shona uzi wa rangi kwenye henza pale inapogusa kifungio chake, na baada ya safari ya kwanza yenye upepo ikague kamba pale inapopita tunduni, kwani hapo ndipo huanza kulika.