Eksitensheni ikipata moto: hesabu ampea kabla ya kuchomeka

Shika waya wa eksitensheni baada ya birika la umeme kuchemsha maji. Ukiwa na uvuguvugu kidogo, si neno. Ukiwa wa moto hadi unatoa mkono, kuna hesabu iliyorukwa, na hesabu yenyewe ni ya kugawanya tu.

Umeme wa nyumbani Tanzania ni wa volti 230. Volti ni msukumo. Ampea ni kiasi cha mkondo unaopita ndani ya waya. Fikiria tenki la maji juu ya paa: kimo chake ni volti, maji yanayopita bombani ni ampea, na wembamba wa bomba ni ukinzani, unaopimwa kwa omu. Ila mfano huu una kasoro yake. Bomba likikatwa maji humwagika, lakini waya ukikatwa mkondo husimama, maana umeme lazima uwe na njia ya kwenda na ya kurudi. Ndiyo sababu plagi ina laini na nyutro. Erthi ni njia ya dharura, siku ya kawaida haipitishi kitu.

Wati ni volti mara ampea. Kwa hiyo geuza kifaa, soma wati kwenye kibandiko, gawanya kwa 230. Birika la wati 2000 linavuta ampea 8.7. Pasi ya wati 1200, ampea 5.2. Televisheni ya wati 100 haifiki hata nusu ampea. Friji huonekana ndogo kwenye kibandiko, lakini mota yake inapoanza huvuta mara kadhaa ya kiasi hicho kwa muda mfupi, basi iachie soketi yake yenyewe ukutani.

Sasa jumlisha. Birika na pasi kwenye eksitensheni moja ni ampea 13.9, na fyuzi ya plagi ni ya 13. Wengi hudhani itakatika papo hapo. Haikatiki. Fyuzi ya 13 inaweza kubeba hata ampea 20 kwa muda mrefu kabla ya kuungua, na muda wote huo anayeumia ni waya. Ukiifunga kwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara ndiyo umeondoa kinga kabisa.

Kisha tazama unene wa waya, ambao huandikwa kwenye ganda lake, kwa mfano 3 x 1.25 mm². Waya laini wa 0.75 ni wa ampea 6, wa 1.0 ni wa 10, wa 1.25 ni wa 13. Usidanganywe na ganda nene: pima kwa shaba iliyo ndani. Kwenye kuta, mafundi hutumia 1.5 kwa taa na 2.5 kwa soketi. Hita ya kuogea ya wati 5500 huvuta karibu ampea 24, hivyo inataka waya wake wa 4 au 6 moja kwa moja kutoka kwenye breka, ile swichi ya ubaoni inayojikata mkondo ukizidi.

Joto la waya ni ampea mara ampea mara ukinzani. Mkondo ukiongezeka mara mbili, joto huongezeka mara nne. Chukua eksitensheni ya mita 20 yenye waya wa 0.75: kwenda na kurudi ni mita 40 za shaba, ukinzani wake kama omu 1. Lile birika litaacha wati 76 njiani. Waya ukiwa umenyooshwa sakafuni, joto hilo hutawanyika. Ukiwa umeviringishwa, linarundikana katikati na plastiki inaanza kushikana. Nyoosha eksitensheni yote kabla ya kuitumia kwa kitu cha moto.

Hatari zaidi ni kiungo kilicholegea. Skrubu isiyokazwa ndani ya plagi ikiwa na nusu omu tu, birika linazalisha hapo wati 38, mahali padogo kuliko ukucha. Pasi ndogo ya kuchomelea risasi ni ya wati kama hizo! Ndiyo maana plagi huungua upande mmoja, pini moja ikawa nyeusi na nyingine ikabaki safi. Chomoa kwanza. Kata shaba yote iliyogeuka rangi, menya upya, sokota nyuzi, kaza skrubu, kisha vuta kila waya ujue umeshika: kahawia kwenye laini, bluu kwenye nyutro, kijani na njano kwenye erthi. Pini ikishaungua, nunua plagi mpya. Soketi iliyolegea nayo ibadilishwe. Kuipinda vyuma hakurudishi springi yake.

Na usitegemee breka ikuokoe wewe. Breka ya ampea 16 hulinda waya. Mwili wenye maji unaweza kuwa na ukinzani wa omu 1000 hivi, na 230 gawanya kwa 1000 ni ampea 0.23: breka haitasikia kitu, ilhali ni mkondo wa kuua. Kinachomlinda mtu ni ile swichi kuu yenye kitufe cha T, iliyoandikwa 30 mA (yaani ampea 0.03), inayokata mkondo unapovuja kwenda ardhini. Bonyeza kitufe hicho kila baada ya miezi michache. Isipokata, ita fundi aibadilishe.