Somo: Kurekodi kwateti (bendi ya watu wanne) ya jazi ndani ya nyumba ya Mji Mkongwe

Wengi mnaniuliza studio yenye vyumba vinne, kila mpigaji na chake, mtaipata wapi. Ya nini? Albamu ya Time Out ya mpiga piano wa jazi Dave Brubeck ilirekodiwa New York mwaka 1959, katika studio iliyowahi kuwa kanisa: piano, saksafoni, besi na dramu. Jazi ni kusikilizana. Wawekeni wanne chumba kimoja.

Hatua ya 1: Saa. Ratiba ifuate adhana, maana maikrofoni ya piano haichagui cha kusikia. Anzeni baada ya Isha, vespa zikishapungua vichochoroni.

Hatua ya 2: Chumba. Kuta za mawe na chokaa hurudisha sauti kwa ukali, hasa ya matoazi. Zulia chini ya dramu, magodoro mawili yasimame nyuma yake. Dari ya boriti iacheni, inatawanya sauti vizuri.

Hatua ya 3: Piano. Hapa msiwe na haraka. Unyevu wetu huvimbisha ubao wa sauti (ubao mpana ulio chini ya nyuzi), sauti ya nyuzi ikapanda, kwa hiyo fundi aitune siku ileile, na kiyoyozi kiwe kimewashwa tangu asubuhi (mkianza kurekodi, zimeni). Saksafoni na besi ziifuate piano. Fungueni kifuniko, dramu ziwe upande wa bawaba: kifuniko chenyewe kinakuwa ngao. Maikrofoni mbili, kama sentimita 30 juu ya nyuzi, moja upande wa sauti nene, moja upande wa nyembamba.

Hatua ya 4: Kurekodi. Chagueni biti 24 (kipimo cha ubora wa rekodi), vilele vya sauti visipite desibeli -12 kwenye kipimo cha mashine, laptopu iwe na chaji. Pigeni.

MASWALI

Maalim, saksafoni inaingia kwenye maikrofoni za piano.
– Iache, ndiyo ladha yenyewe. Ila mpigaji akikosea huwezi kumfuta peke yake. Mtarudia wimbo wote.

Dramu zinaifunika besi. Niongeze maikrofoni?
– Hapana, itanasa dramu zaidi. Mpe mpigaji dramu brashi badala ya vijiti.

Nina kinanda cha umeme tu.
– Waya mbili moja kwa moja kwenye mashine ya kurekodi, na kila mtu avae hedifoni. Mimi ningeomba piano ya mtu.

Ganuni (ala ya nyuzi ya taarab) badala ya saksafoni, inafaa?
– Inafaa sana, lakini piano haina robo toni (sauti zilizo kati ya funguo mbili zinazofuatana). Rasti, makamu (mpangilio wa sauti) inayozitumia, itagombana nayo. Tungeni kwa makamu za Ajami au Nahawandi, zisizozihitaji. Sauti ya ganuni ni ndogo, basi mkae nayo mbali na dramu, maikrofoni karibu na nyuzi.