Makasia kwa vijana: kutoka mchangani hadi mita 500 za kwanza

Kafi na kasia ni vitu viwili, na kijana aliyekulia kwenye mtumbwi ndiye atakayemsumbua mkufunzi zaidi wiki ya kwanza. Mwenye kafi anatazama aendako na kuvuta kwa mabega. Mwenye makasia ameyapa mgongo maji ya mbele, kiti chake kinateleza kwenye reli, na nguvu kubwa inatoka miguuni. Mazoea ya kafi hayatoki kwa siku moja.

Kwa vijana wa miaka 12 hadi 17, pwani au Ziwa Victoria, anzeni na boti za baharini badala ya zile nyembamba za maji tulivu. Boti nyembamba ya mtu mmoja ina urefu wa mita 8 hivi na inaweza kuwa na kilo 14 tu. Mgeni akipiga chafya inapinduka. Ya baharini ya mtu mmoja ina mita 6, uzito usiopungua kilo 35, tumbo pana, na tezi (sehemu ya nyuma ya boti) iliyo wazi ili maji yajitoe yenyewe. Ndizo zitakazotumika katika mbio za ufukweni za Olimpiki ya Los Angeles 2028: unakimbia mchangani, unarukia botini, unapita kwenye maboya kwa mita 250, unageuza, unarudi mita 250 moja kwa moja, unaruka na kukimbia tena. Mtoto wa ufukweni haelezwi hilo mara mbili. Fedha ikitosha boti moja tu, chukueni ya watu wawili. Mzoefu anakaa na mgeni, na watu wanne wanaweza kuibeba.

Kabla ya boti, kuogelea. Kila kijana aogelee mita 50 akiwa na fulana na kaptura, aelee dakika 2 bila kushika kitu, kisha avae jaketi la kuokolea akiwa majini. Asiyeweza abaki kwenye mazoezi ya nchi kavu hadi aweze, hata kama ana misuli kuliko wote. Halafu mpindue makusudi, kwenye maji ya kifuani. Atoe miguu kwenye viatu vilivyofungwa botini (kamba za visigino ziwe fupi, kisigino kisiinuke zaidi ya sentimita 7, ili kiatu kibaki kimezuiwa mguu ukivutwa), aibukie kando ya boti, aishike. Sheria ni moja: boti inaelea, usiiache ukaogelea kwenda ufukweni. Rudieni hadi acheke anapopinduka.

Ziwani, zoezi hili msilifanye kwenye majani ya ufukoni ambako konokono wa kichocho hukaa, wala mahali wavuvi wanapowataja mamba au viboko. Muulizeni mvuvi. Anajua kuliko ramani.

Sasa boti iwe tayari. Spana namba 10 na 13 hukaza karibu kila kitu. Vishikio vya makasia, vinavyofanya kazi ya kishwara (kitanzi kinachoshika kasia ukingoni mwa boti), vifunguke kuelekea tezi. Vikigeuzwa, kasia linasukuma kifungio badala ya nguzo na kifungio huvunjika. Kasia la kijani ni la mkono wa kushoto, jekundu la kulia. Mikono inapopishana katikati, wa kushoto hupita juu, kwa hiyo kishikio cha upande wa kijani huwekwa juu kidogo, sentimita 1 hivi. Wakiviweka sawa, vidole vitachubuka na boti italala upande mmoja, na wewe utamlaumu mtoto bure. Ubao wa miguu usogeze hivi: kijana akimaliza kuvuta, magoti yamenyooka na mgongo umelala kidogo nyuma, vidole gumba viguse mbavu tu. Mpini ukimgonga tumbo, sogeza ubao kuelekea omo, yaani mbele ya boti. Usipofika mbavuni, sogeza kuelekea tezi.

Na hapa ndipo penye kazi yenyewe. Ngalawa haipinduki kirahisi kwa sababu ina matengo, mbao za kando zinazoishikilia. Boti hii matengo yake ni makasia, mabapa (ncha pana za makasia) yakilala juu ya maji na mipini ikiwa mikononi. Wageni hupinduka kwa jambo moja zaidi ya yote: wanaachia mpini. Wanafuta jasho, wanamfukuza nzi, wanashika ukingo wa boti wanapoogopa. Dakika 20 za kwanza majini zisiwe na kuvuta hata kidogo. Boti ikae karibu na ufuko, mzoefu alaze makasia yake, mgeni ainue mkono mmoja na kuushusha ahisi boti inavyolala. Aelewe kwa makalio.

Kuvuta kuanze kwa mikono peke yake, miguu imenyooka, kiti hakisogei. Vijana hudhani ni mchezo wa watoto. Waambie Asiya Mohammed Sururu wa Mombasa aliiwakilisha Kenya kwenye Paralimpiki ya Tokyo katika daraja ambalo mtu hutumia mikono na mabega tu, mita 2000. Mikono ikitulia, ongezeni kiuno, kisha nusu ya reli, kisha reli nzima. Mpangilio wa kuvuta ni miguu, kiuno, mikono. Wa kurudi ni kinyume: mikono, kiuno, miguu. Mapigo 18 hadi 20 kwa dakika yanatosha, na kurudi kuchukue muda mara mbili ya kuvuta.

Makosa yanayokuja karibu kila safari ni haya. Kiti kinakimbia nyuma mikono ikiwa bado mbele: miguu imesukuma, mgongo umelegea, bapa halikwenda popote. Mrudishe kwenye nusu ya reli. Bapa linazama na mpini unamrudia kifuani: bapa liliingia limeinama au alichelewa kulitoa. Asishindane nalo, alale nyuma, mpini upite juu ya kichwa. Tena kuna wale wanaokaba mpini kama panga. Vidole viushike, kidole gumba kiwe kwenye ncha, viganja vikae huru. Malengelenge yatatokea hata hivyo. Glavu hazisaidii, zinamnyima mkono kuhisi. Osha, kausha, funga plasta.

Upepo wa asubuhi unaovuma kutoka bara hudanganya. Ufukweni maji ni kioo, mita 300 mbele kuna mawimbi, na upepo wenyewe unamsukuma mtoto mbali na nyumbani. Kwa hiyo wageni wasivuke mita 100 kutoka ufuko, waende sambamba nao, na upepo ukivuma kando ya ufuko, waanze kwa kwenda dhidi yake ili warudi nao wakiwa wamechoka. Kwenye hori, chagueni siku za maji mafu, maji yanapopanda na kushuka kidogo. Wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kutoka sana, mkondo wa mlangoni una nguvu kuliko kijana yeyote. Ngurumo ikisikika, wote nje, na msirudi kabla ya dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho.

Boti ya injini iwe imeshawashwa kabla ya boti ya kwanza kuteremka, ndani yake majaketi ya ziada, kamba na kisu. Mkufunzi mmoja na boti tatu za wageni, basi. Ya nne isubiri mchangani.

Baada ya safari nane au kumi za dakika 60, wekeni maboya mawili umbali wa mita 500. Msipime muda. Hesabuni mara ngapi mpini umeachiwa. Anayefika na sifuri ndiye wa kupewa boti ya peke yake.