Pima saa kabla ya kuahidi: mwongozo wa fundi cherehani kwa anayekimbizwa na siku

Mimi ni fundi wa nguo za kike, na kibanda changu kiko Mwanga, Kigoma mjini. Nashona magauni ya vitenge na sare za harusi, na ikifika Desemba hadi Januari, sare za shule. Kwa miaka mingi neno lililotoka mdomoni mwangu kuliko jingine lolote lilikuwa "nakuja". Mteja akipiga simu, nakuja. Mtoto akiita, nakuja. Bibi akituma salamu kutoka Ujiji, mwambieni nakuja.

Nilifunguka macho mwaka 2024, uvuvi ulipofungwa Ziwa Tanganyika upande wetu kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Hapa Kigoma ziwa likisimama, mifuko yote husimama, hata ya mtu asiyejua kushika kasia. Oda zangu zilipungua karibu nusu, nikasema sasa nitapumua. Wiki ya tatu nilikuwa bado nashona usiku, bado naomba radhi wateja, bado nakula nimesimama. Kazi zimepungua, mbio ziko palepale. Ndipo nikaelewa kwamba saa hazikuwa zimenipungukia. Nilikuwa nagawa saa ambazo sijawahi kuzipima hata siku moja.

Hatua hizi ndizo nilizopitia tangu hapo. Nimeziandika kwa lugha ya cherehani kwa sababu ndiyo kazi ninayoijua, lakini mama lishe, mwalimu au muuza dagaa anaweza kuzifuata. Unachohitaji ni daftari, kalamu, na saa iliyomo kwenye simu yako.

Hatua ya 1: Andika siku saba kama zilivyo

Usipange kitu bado. Kwa siku saba andika tu unachofanya na saa uliyokishika. Usijipambe, daftari ni lako mwenyewe. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na wakati nao ni mali.

Hii ni asubuhi moja kutoka daftari langu la kwanza:

"2:05 nafungua. 2:10 mteja wa zipu, nimembadilishia papo hapo. 2:40 nakata gauni la mama wa Katubuka. 2:50 simu. 3:05 natafuta chaki. 3:10 nakata. 3:25 jirani anaomba sindano, tumeongea. 3:50 nakata. 4:00 mteja: fundi, yangu tayari? Haijaguswa. Naacha la Katubuka, nashika lake. 5:30 umeme umekatika, nahamia cherehani ya kukanyaga."

Soma tena uone. Gauni la Katubuka nimelishika mara tatu na bado halijakatika. Kila nilipolirudia ilibidi nitandaze kitambaa upya, nisome vipimo upya, nikumbuke nilitaka kuacha kitambaa cha ziada kiasi gani pembeni kwa ajili ya mshono. Dakika kumi hapa, dakika kumi pale. Kabla ya kuandika ningeapa kwamba asubuhi ile nilikata nguo bila kupumzika.

Siku ya tatu utachoka kuandika. Endelea. Wiki ikiisha, chukua kalamu ya rangi nyingine uzungushie kila mahali ulipoacha kazi moja ukashika nyingine. Huhitaji kufanya hesabu, macho yatakuonyesha.

Hatua ya 2: Pima kila kazi mwanzo hadi mwisho

Hapa ndipo penye kiini cha mambo yote, kwa hiyo usipite haraka.

Chagua kazi tano unazozifanya mara nyingi. Kabla ya kuanza, andika unadhani kila moja itachukua muda gani. Ukimaliza, andika muda uliotumika kweli. Mimi nilidhani sketi ya kawaida ni saa 1. Ikatoka saa 1 na dakika 50. Gauni la kitenge lenye bitana nililikadiria saa 3. Likatoka saa 5 na robo.

Tofauti ile ilitoka wapi? Nilikuwa nahesabu muda wa mguu kukanyaga cherehani peke yake. Sikuhesabu kukaa na mteja tukitazama mishono kwenye simu yake. Sikuhesabu kuchukua vipimo, kunyoosha kitambaa, kulinganisha maua ya kitenge ili yasipishane kifuani, kujaza bobini, kubadilisha uzi, kufumua nilipokosea, vifungo, pasi, kujaribisha, na yale marekebisho ya "nipunguzie kidogo hapa kiunoni". Hayo yote ni gauni. Mteja hawezi kulivaa bila hayo.

Kosa hili si la mafundi peke yao. Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walilieleza tangu mwaka 1979: binadamu akikadiria muda wa kazi, huiona kazi ikienda vizuri kichwani mwake, na husahau jinsi kazi kama hiyo ilivyokwenda mara zilizopita. Dawa yake ni kutazama mara zilizopita, na ndiyo maana nakusisitizia daftari.

Pima kazi moja mara tatu. Kisha chukua ule muda mrefu kuliko yote uwe ndio kipimo chako. Wengine watakushauri uchukue wa katikati. Mimi nimejaribu yote mawili, na ule mrefu ndio ulioniacha nilale usingizi. Siku uliyochelewa kwa sababu uzi uliisha na mtoto alirudi na homa ni siku ya kawaida kabisa katika maisha yetu.

Pima na ya nyumbani pia. Nilikuwa naamini ugali wa muhogo na dagaa ni nusu saa. Ukianza na kuchambua dagaa, kuwaosha, kuwasha jiko, hadi watoto wameshika sahani, kwangu ni saa 1 na dakika 20. Nilipojua hivyo niliacha kuwagombeza watoto kwamba wananichelewesha. Hawakuwa wananichelewesha.

Hatua ya 3: Fuata jua la kwetu

Ushauri mwingi wa kupanga siku unakwambia uamke saa 11 alfajiri ushike kazi saa 12. Mtu wa Kigoma asijilaumu akishindwa. Saa ya Tanzania imefuata nyuzi 45 za longitudo mashariki, mstari unaopita baharini, mbali na Dar es Salaam. Sisi tuko karibu nyuzi 30, na jua huchukua dakika 4 kuvuka kila nyuzi. Kwa hiyo jua letu liko nyuma ya saa ya ukutani kwa saa 1 hivi. Linachomoza karibu saa 1 asubuhi, na adhuhuri inaingia karibu saa 7. Wenzetu wa Burundi na wa ng'ambo ya ziwa, Kongo, saa zao ziko nyuma ya zetu kwa saa nzima, na jua ni lilelile.

Tunapungukiwa na mwanga asubuhi, tunalipwa jioni, maana giza huingia karibu saa 1 usiku na mwezi Februari hata saa 1 na dakika 20. Nilipolielewa hili nilihamisha siku yangu. Kukata, ambako kunataka macho na akili tulivu, nakuweka saa 2 hadi saa 5. Kushona kunafuata hadi adhuhuri. Baada ya swala na chakula nafanya kazi za mkono: vifungo, pindo, kufumua. Alasiri, baada ya saa 10, ndiyo saa ya wateja kujaribu nguo. Kupiga pasi kunakuja mwisho, jua likiwa limelegea.

Kama huswali, tumia alama nyingine, kengele ya shule au honi ya basi. Cha muhimu ni siku igawanyike vipande vinne au vitano vinavyotambulika bila kutazama simu. Ukishafungua simu kutazama saa, utakuta na ujumbe.

Hatua ya 4: Gawa saa tano, ziache mbili wazi

Kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 12:30 jioni ni saa 10 na nusu. Toa swala, chakula, soko na wateja wanaopita, kwangu zinabaki saa 7. Katika hizo naahidi kazi za saa 5 tu. Saa 2 zinabaki bila jina.

Mwanzoni zitakuuma, utaona kama unatupa fedha. Mwezi wa kwanza wateja wanne walinihama kwa sababu niliwaambia sina nafasi, na mmoja alikuwa wa siku nyingi. Niliumia. Lakini saa zile hazikai bure hata siku moja. Umeme ukikatika, ndizo zinazolipa. Mtoto akiitiwa mzazi shuleni, ndizo zinazolipa.

Na msiba. Zamani nilikuwa naingia msibani na chaki bado vidoleni, nakaa mkekani robo saa huku moyo uko kwenye cherehani, nanyanyuka kabla dua haijaisha. Wafiwa wanaona. Mwaka jana jirani alifiwa na mama yake. Nilifungua daftari, nikaona saa 2 za siku ile na 2 za kesho yake hazina mwenyewe, nikafunga kibanda. Nilimenya mihogo pamoja na akina mama wengine tangu adhuhuri hadi magharibi, na hakuna mteja aliyechelewa kupata nguo yake. Ukiniuliza daftari lote hili ni la nini, ni la siku kama ile.

Hatua ya 5: Fungua daftari ndipo utoe ahadi

Neno "kesho" liondoe mdomoni. Taja siku na kipande cha siku, na usitaje kabla hujatazama daftari mbele ya mteja. Mwache akuone unahesabu.

Mama mmoja mtu mzima alikuja Jumatatu na doti ya kitenge na picha ya gauni alilolitaka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nalitaka Ijumaa, harusi ni Jumamosi."

"Ngoja tutazame, mama. Gauni la mshono huu lenye bitana linanichukua saa 5 na robo. Hadi Ijumaa nina saa 3 tu ambazo sijampa mtu. Nikikwambia ndiyo, nitakuwa nakudanganya."

Akanyamaza, akatazama picha tena. "Na nikitoa hiyo bitana, na mikono iwe ya kawaida?"

"Hilo ni saa 3, mama. Uje ujaribu Alhamisi alasiri, Ijumaa asubuhi ulichukue."

Zamani ningesema "usijali mama, utalipata", kisha nikeshe Ijumaa nzima, nalo litoke na pindo lililopinda. Ukijua saa zako unaweza kupatana na mtu juu ya muda kama mnavyopatana juu ya bei. Watu wazima wanaelewa sana wakiambiwa ukweli mapema.

Hatua ya 6: Jua kalenda ya wanaokutegemea

Wateja wangu wengi ni akina mama wa Kibirizi na Katonga wanaoanika na kuuza dagaa. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikikolea taa hazivuti vizuri, wavuvi hupumzika. Siku za giza akina mama hawa wako mwaloni, pale ufukweni mitumbwi inaposhusha dagaa, tangu jua likichomoza. Ukimpangia mmoja wao kujaribu nguo wakati huo, hatakuja, nawe utakaa unamsubiri. Siku za mbalamwezi ana nafasi, na fedha anazo. Basi katika daftari nimechora mwezi mdogo kila penye mbalamwezi, siku hizo napokea na kujaribisha, za giza nakata na kushona. Wewe wateja wako wanaweza kuwa wa mshahara wa mwisho wa mwezi au wa mavuno. Tafuta mwezi wao.

Hatua ya 7: Simu

Naisoma mara tatu: kabla ya kuanza kukata, baada ya adhuhuri, na alasiri. Muda mwingine iko ndani ya kopo la vifungo, mlio umewashwa kwa ajili ya shule na mama yangu peke yao. Wateja wakizoea kwamba unajibu alasiri, wataandika alasiri.

Hatua ya 8: Funga siku kabla haijakufunga

Kuna siku itakwenda kombo hata ufanye nini. Usijaribu kuirudisha yote usiku. Tazama ahadi ya nani inaguswa, mpigie leo hii, kabla hajatoka kwake kukufuata. Wawili kati ya watatu watakuambia hakuna shida, na yule wa tatu ndiye utakayemkalia usiku ule.

Kisha, nusu saa kabla ya magharibi, acha kushona hata kama mkono bado unataka. Fagia vipande. Andika kazi ya kwanza ya kesho, moja tu. Toa kitambaa chake, kikunje juu ya meza pamoja na karatasi ya vipimo na chaki. Jaza bobini uzi wa rangi yake, upitishe uzi kwenye sindano. Kesho saa 2 utakuta kazi inakusubiri na hutauliza nianzie wapi. Funika cherehani, funga mlango, uende nyumbani ukiwa bado unaona njia.