Kutoka Wilson hadi Kilimanjaro kwa Cessna 172

Kutoka uwanja wa Wilson, Nairobi, hadi uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA), Tanzania, ukiendesha mwenyewe ndege ndogo, ni maili 127 za baharini, kama saa moja na robo. Mpaka wenyewe hauonekani ukiwa angani. Kinachokwamisha watu ni karatasi na uzito.

Hatua ya 1: Karatasi. Omba kibali cha TCAA (mamlaka ya usafiri wa anga Tanzania) siku kadhaa kabla. Ndani ya ndege ziwepo cheti cha usajili, cheti cha ustahiki wa kuruka, leseni ya redio, bima, logi (daftari la safari za ndege), leseni yako na cheti chako cha afya. Fomu ya tamko la jumla (ya ndege na waliomo) chapisha nakala sita. Kila mtu awe na pasipoti na kadi ya homa ya manjano. Hata kama unakwenda hifadhini, tua kwanza KIA: viwanja vya porini havina forodha wala uhamiaji.

Hatua ya 2: Mpango wa safari. Uwasilishe angalau dakika 60 kabla, kwa saa za UTC (saa za kimataifa, tatu nyuma ya zetu). Hapa Waswahili hujikwaa: saa mbili asubuhi ni 08:00, kwa hiyo fomuni ni 0500, si 0200. Kwenye kisanduku cha 18 cha fomu hiyo andika EET/HTDC0045 (dakika 45 hadi anga inayoongozwa na Dar es Salaam) pamoja na namba ya kibali.

Hatua ya 3: Mafuta na uzito. Kwa lita 34 kwa saa, kwenda na kurudi ni lita 85. Ongeza 26 za akiba ya dakika 45 na 10 za kupasha injini na kupanda: 121. Beba ya kurudi pia, isipokuwa umehakikishiwa kwa simu kuwa avgas (petroli ya ndege) ipo KIA. Jet A-1, mafuta ya jeti, haikufai.

Usijaze matangi kwa mazoea tu. Lita 200 ni kilo 144, na 172S (toleo mojawapo la 172) haitakiwi kuzidi kilo 1,157 pamoja na vyote vilivyomo. Wilson iko juu ya futi 5,500. Joto likifika nyuzi 26, ndege hupanda kana kwamba iko futi 8,100. Watu wanne na mizigo? Mmoja abaki. Na uondoke asubuhi na mapema.

Hatua ya 4: Kuruka. Kanyaga breki, toa nguvu zote, kisha vuta mikscha (kishikio cha kupunguza au kuongeza mafuta kwenye mchanganyiko na hewa) nyuma taratibu mpaka mizunguko ya injini ifike juu kabisa. Ukiiacha ndani yote kama ulivyozoea Mombasa, injini hulishwa mafuta kupita kiasi na nguvu hupungua. JKIA, uwanja mkuu wa Nairobi, iko jirani, kwa hiyo usizidi kimo ulichopewa mpaka waongoza ndege wakuruhusu.

Ukiruhusiwa, panda hadi futi 9,500, uelekeo nyuzi 173. Mlima Ol Doinyo Orok, karibu na Namanga, uuone kulia, ziwa kavu la Amboseli kushoto. Badilisha QNH (kipimo cha shinikizo la hewa unachoweka kwenye altimita) ukikabidhiwa kwa waongoza ndege wa Tanzania. Kisha pita kati ya milima ya Meru na Kilimanjaro, katikati hasa: upepo wa mashariki ukivuka Kilimanjaro huporomoka upande wa magharibi na kukutikisa vibaya. Mchana mawingu huziba pengo hilo. Ukiona limefunga, geuka ungali mbali. 172 haiwezi kuyapanda.

Hatua ya 5: KIA. Uwanja uko futi 2,932, basi rudisha mikscha ndani unaposhuka. Abiria wasitawanyike kabla ya uhamiaji. Kwa kurudi, kimo ni 8,500, na taratibu za forodha na uhamiaji zinaanza upya.