Rimoti moja kwa vifaa vitatu: kuipanga kwa kompyuta hadi vitufe vilivyokufa virudi

Shangazi yangu hapa Tanga ana rimoti tatu mezani: ya TV ya Philips ya zamani, ile ya kioo kinene, ya king'amuzi, na ya sabufa ambayo vitufe vyake vya sauti vimekufa. Binamu aliyekuja likizo kutoka Uingereza akamletea rimoti ya One For All, ile ya kufundishwa, yaani inayonakili ishara za rimoti nyingine. Wakaifundisha kwa mkono siku hiyohiyo, wakaridhika. Wiki iliyofuata akanipigia: "Mwanangu, kitu hiki kinanisikia mara moja, mara ya pili kinanikataa."

Nilimaliza jioni mbili kuelewa kwa nini. Jibu lake ndilo limenifanya niandike mwongozo huu: kufundisha rimoti kwa rimoti ni mwanzo wa kazi tu. Ukiishia hapo umepata nakala ya sauti bila kujua maneno.

Hatua ya 1: Angalia kama rimoti yako inaingia kompyuta

Fungua kifuniko cha betri. Unatafuta pini sita au matundu sita, safu mbili za tatu tatu. Mafundi huziita JP1, kwa sababu ndiyo alama iliyochapwa kwenye saketi za rimoti za Universal Electronics, kampuni yenye jina la One For All. Kama hazipo, mwongozo huu hautakufaa. Si kila aina inazo.

Waya chukua wa USB wenye chipu ya FTDI. Zipo nyaya za zamani za kuchomeka kwenye poti ya printa, usihangaike nazo. Programu ni RemoteMaster, ya bure, inatumia Java, na inakubali Windows, Mac na Linux. Sehemu yake ya kufungulia rimoti nzima inaitwa RMIR. Watu wa zamani walitumia IR.exe pamoja na majedwali ya Excel. Mimi sirudi huko, RMIR inafanya yote mahali pamoja.

Hatua ya 2: Chukua nakala kabla ya kugusa chochote

Betri mpya ndani, chomeka waya, fungua RMIR, bonyeza Download (kusoma yaliyomo kwenye rimoti), hifadhi faili. Upande wa waya wenye mstari mwekundu ni pini namba 1, usibahatishe. Kwenye Linux jiweke kwanza kwenye kundi la dialout, la watumiaji wanaoruhusiwa kutumia poti, la sivyo poti haitafunguka.

Hatua ya 3: Fundisha, kifaa kimoja kwa wakati

Laza rimoti mbili mezani, vichwa vikitazamana, zikiachana sentimita tatu hivi. Iliyo nyembamba iinulie kwa daftari mpaka macho yao yawe usawa mmoja. Rimoti ya asili ipe betri mpya. Zima taa za enajisava na ufunge pazia, maana taa hizo na jua pia hutoa infraredi.

Chagua kifaa, mfano TV. Shikilia MAGIC, ambayo kwenye aina nyingine imeandikwa SETUP au P, hadi kitaa kiwake mara mbili. Andika 975. Bonyeza kitufe cha rimoti mpya, kisha shikilia kitufe cha rimoti ya asili. Kitaa kikiwaka mara mbili, imeshika. Kikiwaka mara moja kwa kirefu, rudia.

Usifundishe vifaa vyote kwa mkupuo. Nafasi ya kuhifadhi mafunzo ni ndogo, inajaa. Maliza TV, nenda hatua ya 4 na ya 5, halafu rudi kwa sabufa.

Hatua ya 4: Soma rimoti imesikia nini

Hapa ndipo jioni zangu mbili zilipokwenda, kwa hiyo nisamehe urefu.

Fanya Download tena, fungua ukurasa wa Learned Signals. Kila kitufe ulichofundisha kina mstari wake: masafa (kasi ya mapigo ya mwanga wake), jina la lugha ya rimoti (protokoli), namba ya kifaa, na namba ya amri, inayoandikwa OBC. Anza na masafa. Lugha ya RC5 ya Philips hutumia kilohezi (kHz) 36, NEC ambayo vifaa vingi vya bei nafuu huitumia ni 38, Sony ni 40. Mstari ukionyesha namba iliyo mbali sana na hizo, au jina la lugha ambalo halifanani na vitufe vingine vya rimoti ileile, hiyo imesikika vibaya: ifute, ifundishe upya. Vivyo hivyo namba ya kifaa. Vitufe vya rimoti moja kwa kawaida huwa na namba moja ya kifaa, kwa hiyo mstari mmoja ukitofautiana na ishirini wenzake, usiuamini mpaka uurudie. Na vitufe viwili vikiwa na OBC moja, umebonyeza kitufe kimoja mara mbili.

Sasa tatizo la Shangazi. Kwenye mistari yote ya TV ilisomeka RC5. Lugha hii hutuma biti 14, yaani sifuri na moja kumi na nne: mbili za kuanzia, moja inayogeuka, tano za anwani (ile namba ya kifaa), sita za amri. Hiyo moja inayogeuka ndiyo yenye maana kubwa. Kila unapoachia kitufe na kukibonyeza upya, rimoti ya asili huigeuza, sifuri ikawa moja, moja ikawa sifuri. Hivyo TV hujua kama umebonyeza 1 mara mbili ili upate 11, au umeshikilia 1 kwa muda mrefu.

Rimoti iliyofundishwa haijui hayo. Inarudia kile ilichosikia, na biti ile imeganda jinsi ilivyokuwa siku ya kufundishwa. Ukibonyeza 1 na 1, TV inaona mkono haujaachia. Kishale cha chini unakibonyeza mara tatu, menyu inashuka mara moja. Ukibonyeza kitufe kingine katikati, cha kwanza kinafufuka. Mimi nilidhani ni betri, nikazibadilisha. Nikadhani ni jicho la TV, nikalisafisha. Nikafundisha vitufe vyote upya mara tatu, na kila mara matokeo yalikuwa yaleyale, kwa sababu hakuna mafunzo yanayoweza kuondoa kasoro hiyo. RC6, lugha ya Philips iliyofuata, nayo ina biti ya kugeuka, kwa hiyo TV mpya zaidi ya kampuni hiyo usitarajie iwe tofauti.

Hatua ya 5: Geuza mafunzo yawe kifaa kamili

Chagua mistari yote ya TV, kisha uigeuze iwe Device Upgrade. Sasa rimoti haihifadhi tena mlio mzima; inahifadhi namba tu, na lugha ya RC5 inaizungumza yenyewe, pamoja na kugeuza ile biti. Nafasi inayotumika nayo inapungua sana. Kipe kifaa namba ya msimbo (setup code) isiyotumiwa na kingine, panga kila amri kwenye kitufe chake, halafu kiweke kwenye TV.

Kisha futa mistari yote ya Learned Signals ya kifaa hicho. Kitufe kilichofundishwa hutangulia mbele ya kifaa ulichokitengeneza. Ukiiacha, utafanya Upload (kurudisha mabadiliko kwenye rimoti), utajaribu, na utaona kosa lilelile kana kwamba hujafanya kitu.

Hatua ya 6: Rudisha vitufe vilivyokufa

Sabufa ilizungumza NEC. Vitufe vilivyokuwa hai vilinipa namba ya kifaa, na hiyo inatosha. Katika NEC amri ni namba kuanzia 0 hadi 255, basi ambazo hazimo kwenye orodha yako ndizo za kujaribu. Tengeneza amri kumi kwa OBC ambazo hujazijua, ziweke kwenye tarakimu 0 hadi 9, fanya Upload, kaa mbele ya sabufa ukibonyeza moja moja na kuandika kila inachofanya. Anza na namba zilizo jirani na zile ulizonazo. Andika kwenye karatasi, usitegemee kichwa, na weka sauti chini kabla hujaanza.

Nilipobonyeza na mstari wa sauti ukapanda kwenye kioo cha sabufa, Shangazi alipiga vigelegele toka jikoni. Kitufe kile kilikuwa kimekufa kabla mjukuu wake wa mwisho hajazaliwa.

Hatua ya 7: Upload, na kuwasha vyote kwa pamoja

Ukitaka kitufe kimoja kiwashe vifaa vyote, tumia Macros. Lakini kwanza tafuta, kwa njia ya hatua ya 6, kama kifaa chako kina amri ya kuwasha tu na nyingine ya kuzima tu. Kama kina ile moja ya kuwasha na kuzima, kikianza kikiwa kimewashwa tayari, makro itakizima huku ikiwasha wenzake. King'amuzi cha Shangazi kina amri moja tu, kwa hiyo nilikiacha nje ya makro, na yeye amekubali kukibonyeza peke yake.