Dalali akija na mgeni shambani kununua parachichi, fanya hivi

Ndugu zangu wa Rungwe na Njombe, kabla hamjaruhusu mtu yeyote aingie na kreti zake shambani naomba msome hapa. Tangu tarehe 28 Julai 2025 kuna amri ya serikali inayokataza wasio raia kufanya biashara za aina 15. Wengi wanaijua kwa mambo ya Kariakoo, maduka, saluni, kutengeneza simu, kutuma pesa, lakini humo humo kuna ununuzi wa mazao shambani na hiyo ndo inatugusa sisi huku moja kwa moja.

Na msidhani ni kesi ya mgeni peke yake. Yeye faini inaanzia milioni 10, kifungo hadi miezi 6, viza na kibali cha ukaazi vinafutwa. Mtanzania aliyemsaidia nae ana faini ya milioni 5 au jela miezi 3, na hapo ndo vijana wetu wanaponasia.

Mdogo wangu pale Kiwira alifuatwa na dalali anataka kuazima leseni yake, kamwekea laki mbili mezani na kumuahidi elfu moja kwa kila kreti, mwenye hela mwenyewe yuko barabarani kwenye gari, kioo kimepandishwa. Dogo akarudisha ile hela. Nilimshukuru sana, maana ana watoto wawili wadogo.

Kwa iyo mnunuzi akifika muombe leseni ya biashara na uisome, usiishie kuangalia mhuri. Jina la kwenye leseni, la kwenye kitambulisho cha NIDA na lile linalotokea kwenye meseji ya malipo yafanane, yakipishana uliza hela ni ya nani na usione aibu kuuliza. Kama ni kampuni, jina lake litafute BRELA, wakala wa serikali wa kusajili kampuni. Angalia na tarehe ya mwisho, kwa sababu mgeni aliyekuwa na leseni halali kabla ya amri aliruhusiwa kuendelea mpaka iishe muda, ila haihuishwi tena.

Ukigundua mnunuzi ni mgeni na hana leseni ya namna hiyo, usimtukane wala kumfukuza kwa fujo, ni mtu anatafuta riziki kama wewe. Mwambie tu shambani haiwezekani, alafu wewe peleka mzigo AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, au kwa kampuni yenye kiwanda cha kufungasha. Ukiwa na wasiwasi nenda kwa afisa biashara wa halmashauri.

Makubaliano yaandikwe hata kwenye karatasi ya daftari: kilo, bei, siku ya kulipa, na zile zitakazokataliwa hasara ni ya nani. Mtendaji wa kijiji asaini kama shahidi.

Haya yote yafanyike tunda likiwa bado mtini. Parachichi aina ya Hass haliivi mtini, linaanza kuiva likishachumwa, ukija kugundua leseni sio yake wakati kreti zimejaa pale chini utakubali bei yoyote.